Chumba Chini ya Kengele

Ukitaka kujua nguvu ya kanisa letu la zamani, usianzie madhabahuni. Ingia kwa mlango mkubwa, geuka kushoto, upande wa milimani, utaona mlango mdogo wa kichumba kilicho chini ya mnara wa kengele. Ingiza mkono wako kwenye kidirisha chake. Utaunyoosha wote, hadi begani, ndipo ncha za vidole zitoke nje. Huo ndio unene wa ukuta. Mapadri wazungu walijua kwamba kengele ikiyumba huvuta mnara mzima, kwa hiyo walipanga matofali ya kuchoma ili kila mstari ukate viungo vya mstari wa chini yake, mpaka pembe zote nne zikashikana.

Hayo huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jengo hili ni somo lisilohitaji ubao. Huwaeleza pia ni nani aliyebeba matofali hayo. Babu zetu waliyachoma kando ya mto, wakayabeba kichwani. Aliyeangusha mzigo alilazwa kifudifudi, akachapwa fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya wenzake, kisha akarudishwa kwenye mstari huku damu ikimtiririka mapajani. Watoto husikia hivyo wakaondoa mikono yao ukutani. Mimi huwaambia waguse tu, ni kazi ya watu wao.

Lakini ukuta wa upande wa ziwa si ule wa zamani. Ziwa lilipopanda, maji yalikula msingi, ukuta ukalala. Tuliujenga upya kwa bloku za simenti zenye uwazi ndani, maana ndizo tulizoziweza, tukazipiga plasta na chokaa. Rangi ikawa moja. Haukupita muda mrefu, watu wakarudia kusema kwamba ukuta wa mapadri hauingii risasi.

Asubuhi ile mapigano yalipotelemka mjini, tulikimbia kutoka mtaa wetu wa Songo, mimi na mke wangu, mtoto wetu mchanga mgongoni mwake, na mama yake nyuma yetu, mbali kidogo. Hata siku ya risasi hakutembea karibu nami. Katika ukoo wao, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawagusani, wala hawasemeshani uso kwa uso. Akiwa na neno kwangu humwambia binti yake, hata kama nimesimama palepale. Tangu nioe sijawahi kuushika mkono wake.

Kanisani tulikuta watu wamejaa, na wamekaa kama kwenye misa: wanaume upande wa milimani, wanawake upande wa ziwa. Hakuna aliyewapanga. Miguu yao ilijipeleka yenyewe. Milio ilikuwa bado juu, milimani, na mwanamke mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, alikuwa akiwachekesha wenzake: "Mutulie, hata mizinga itachoka mbele ya hii ukuta!"

Kisha wapiganaji wakafika ufukweni.

Bloku zilipasuka kama sahani. Vumbi jeupe likajaa, na ndani ya vumbi nikamwona muuza ndagala ameinamia benchi kana kwamba anatafuta kitu chini. Sehemu ya nyuma ya kichwa chake haikuwepo. Ndagala zake zilimwagika sakafuni, damu ikazifuata.

"Mama zetu, vukeni!" nikapiga kelele. "Huo ukuta ni mupya! Kujeni huku, chini ya kengele!"

Nilisimama ndani ya kichumba nikiwavuta kwa mikono, kwa nguo, kwa nywele. Wengine waliingia wakiwa na damu isiyokuwa yao. Risasi zikawa zinaipiga kengele juu yetu, ikalia bila kamba, na popo wakatuangukia. Mke wangu aliingia. Mama yake akafika mlangoni, akasimama.

"Mama, ingia!" mke wangu akamwita.

"Niingie wapi? Bwana yako iko mule."

"Mama, utakufa!"

"Nitakufa na haya yangu. Mwambie anigeuzie mugongo."

"Hakuna nafasi ya kugeuka!" akafoka mwanamke mmoja aliyebanwa kwenye kona. "Weye mama, unatuletea mambo ya ndoa huku?"

Nyuma ya mama mkwe wangu benchi liliruka vipande. Nilielewa kwamba asingeingia, na kwamba hakuna maelezo yangu yoyote, niliyezoea kueleza kila kitu, ambayo yangemwingiza. Basi nikainamisha kichwa, nikatoka. Yeye alijifunika uso kwa kitenge, akanipisha, akaingia.

Nilitambaa kuelekea nguzo iliyo karibu. Sikuifikia. Kitu kilinipiga pajani kama teke la ng'ombe, na nilipotazama niliona suruali imechanika na nyama imefunguka. Damu ilitoka kwa kuruka. Nikajaribu kuibana, vidole vikateleza.

Kutoka kichumbani nilisikia mke wangu akilia, na sauti ya mama yake: "Bakia hapo. Unanyonyesha."

Akatoka yeye. Alikuja kwa magoti, akanishika kwapani, akanivuta juu ya vipande vya vioo na ndagala mpaka ndani. Alivua kitenge chake kilichomfunika, akafunga paja langu juu ya jeraha, akaingiza fimbo ya kinara cha mishumaa kwenye fundo, akaizungusha mpaka nikapiga yowe. Kisha akanikalia mguu kwa uzito wake wote. Muda wote ule alikuwa ameuelekeza uso ukutani.

"Mwambie asilale," alimwambia binti yake.

"Mama anasema usilale."

"Nimesikia," nikasema.

"Mwambie anyamaze pia."

Nilipona, ila nachechemea. Siku hizi nikikutana naye njiani, huhamia upande wa pili kama zamani, na kitenge usoni. Kanisani matundu ya risasi hayajazibwa, asubuhi jua hupenya humo likaanguka juu ya mabenchi ya wanawake, na yeye hukaa palepale, karibu na pale alipofia muuza ndagala. Jumapili moja nilimtuma mke wangu amwombe ahamie upande wetu, maana mambo bado hayajatulia.

Jibu lilikuja kabla ya wimbo wa kuingia.

"Mama anasema siku ya risasi atavuka. Leo ni misa."