Marehemu wa Kwenye Simu

Niliporudi Kivinje kwa mama, baada ya talaka, nilikuwa mkavu. Sina neno bora kuliko hilo. Nilifagia ua, nikachota maji, nikaitikia salamu za watu, nikala nilichopewa, ila sikulia. Mama, ambaye hukaanga samaki sokoni, aliuogopa ule ukavu kuliko alivyoiogopa talaka yenyewe. Kila akirudi alisimama kwanza nje ya chumba changu, na mimi ndani nikiziona ndala zake kwa chini ya mlango, zimetulia, mwenyewe akisikiliza.

"Lia basi, mwanangu," aliniambia. "Usipolia utaniugulia."

Nikamjibu kwamba sina cha kulilia. Nilidhani ni kweli.

Nilichokuwa nacho ni simu, na kwenye simu riwaya. Shoga yangu wa Lindi aliniingiza kwenye kundi la wasomaji, ambako waandishi vijana hurusha hadithi zao kipande kwa kipande, wakikukatia pale pale roho inapokuwa juujuu. Za mapenzi zilinitia hasira tu. Kila mwanamume ana kifua kipana na gari jeusi, kila msichana anajikwaa ili adakwe. Nikikutana na "nitakupenda milele" nilisonya mpaka paka akatoka chumbani. Nyoo, milele! Milele yangu mimi iliishia Nyangamara, kijijini nilikoolewa, kati ya msimu mmoja wa korosho na mwingine. Basi nikahamia kwenye hadithi za ajabu, zenye falme na wanyama wanaoruka, nikiamini kwamba huko hakuna wa kunikumbusha mtu.

Nilijidanganya. Mojawapo ilikuwa na ufalme ambamo askari akienda vitani humwachia mkewe kivuli chake. Mwanamume anaondoka, kivuli kinabaki ukutani, na maadamu kivuli kipo, mwenyewe yu hai. Mke wa askari huyo alikuwa msusi wa mikeka. Kila jioni alipakua sahani mbili za chakula, moja akaiweka chini ya kile kivuli. Asubuhi moja, mama akiwa sokoni, nikafika mahali kivuli kinapoanza kufifia. Kikafifia mpaka ukuta ukabaki mtupu. Yule mwanamke akautazama, akainuka, akapakua sahani mbili kama jana yake.

Hapo ndipo nilipopasuka. Maana mimi nami nilipakua. Nilifunika wali kwa kawa wakati mume wangu yuko mjini Masoko kwenye hizo alizoziita biashara, nikaufunua asubuhi umechacha, na jioni nikafunika mwingine. Hata siku mjomba wake alipoleta talaka, nilikuwa nimeshapika. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nilimlilia askari, nikamlilia mkewe, nikaulilia na ule wali.

Kwetu ukilia vile hulii peke yako. Jirani yetu wa ukuta mmoja, anayeuza vitumbua, aliingia mbio na upawa mkononi.

"Kuna nini? Kafa mtu?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu kweli yule askari alikuwa amekufa.

"Lini?"

"Sasa hivi," nikasema kwa kwikwi.

Hakuuliza nani. Alitoka barazani akapiga yowe, na kufumba na kufumbua ua ulijaa kanga. Mikeka ikatandikwa. Mmoja akanishika bega, mwingine akanipepea, mwingine keshabandika chai. Kila nilipotaka kueleza, kwikwi zilinibana, nao wakaniambia nijikaze. Mwadhini naye alikuwa amefika mlangoni, anauliza jina la marehemu akatangaze msikitini.

"Kafa nani hasa?" nikamsikia mmoja akinong'ona.

"Nadhani yule mumewe wa zamani."

"Mh! Sasa analia nini?"

Mama habari ilimfikia sokoni ikiwa fupi: nyumbani kwako kuna msiba. Na nyumbani kwake alikuwa ameacha mtu mmoja tu.

Aliingia peku, mikono imejaa magamba ya samaki. Wanawake wakampisha. Aliponiona nimekaa mkekani, macho yamevimba, kamasi zinanitoka, aliketi mbele yangu na kunishika mashavu.

"Unalia?"

"Nalia, mama."

"Unalia kweli?"

"Nalia kweli."

"Alhamdulillahi," akasema, naye akaanza kulia huku anacheka.

Watu wakatazamana. Bibi wa nyumba ya pili akauliza kama akili zetu ziko sawa. Ikabidi niseme. Nikainua simu, nikawaambia marehemu yumo humu, ni askari wa hadithini ambaye kivuli chake kimefifia ukutani, na jina lake refu, hata mimi silitamki vizuri. Niliona aibu, natamani ardhi inimeze. Jirani akautazama upawa wake.

"Yaani vitumbua vyangu vimeungua kwa ajili ya kivuli?"

Nikamwomba radhi. Akavuta mkeka, akakaa.

"Haya. Alikufaje? Anzia mwanzo."

Mwadhini akaenda zake bila jina. Nikasoma, mama akiwa ameniegemea, mpaka nikafika kwenye zile sahani mbili. Nadhani kila mmoja pale alikuwa na kawa lake. Bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akatoa hukumu: yule msusi akae eda yake, ikiisha aolewe, bado kijana. Alisema hivyo huku ananitazama mimi. Chai ya msiba tukainywa, pamoja na vitumbua vilivyosalimika.

Siku chache baadaye sehemu mpya iliingia. Mpita njia alibisha hodi kwa yule msusi, akaiona sahani ya pili chini ya ukuta, akauliza kwa adabu kama huyo mwenye chakula anachelewa sana, maana yeye ana njaa. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mlango umefungwa, na kwa chini nikaziona ndala za mama zimesimama palepale pa siku zote.

"Kuna nini tena humo?" jirani akauliza kutoka uani.

"Hakuna kitu," mama akamjibu, na ndala zikaondoka. "Mwanangu anasoma."