Dawa Niliyoificha Juu ya Moto

Kuna siku moja hainitoki, mwanangu Neema. Leo umekuja na diplome yako ya kuzalisha wamama, umenikumbatia, nikalia, ukafikiri ni furaha tu. Kaa chini. Hii nyumba yetu ya hapa Mushaki imekuwa kimya sana tangu uende shule, na mu hicho kimya nimejisemesha maneno haya mara nyingi, bila muntu wa kunijibu.

Nilikuwa muzalishaji kijana huko Mpofi, kichwa kikubwa kweli. Vita vilipokaribia, nilitoa ampuli za ositosini mu frigo ya kituo cha afya. Unaijua: njo ile dawa inayoambia musuli wa tumbo la uzazi ujikaze mutoto akisha kutoka, mishipa ibanwe, damu ikatike. Nilizificha jikoni kwangu, kwenye uchaga juu ya moto, pale tunapokausha mbegu za mahindi. Nani angetafuta dawa katikati ya mahindi? Wenye bunduki walikuja mara mbili, wakabeba hata magodoro, ampuli hawakuziona. Miezi minne nilipika chini yake kila siku. Kulipotulia nilizirudisha mu frigo, na Siku ya Mungu, kanisani, pasta akanisimamisha mbele ya watu, wakanipigia makofi. Eh, nilivyojiona! Shuleni walitufundisha kwamba hiyo dawa inaharibika kwa joto. Nilijua. Lakini baada ya makofi yale, ningeanzia wapi?

Kisha mama yako, Furaha, akaja kukuzaa. Nilikuambia zamani alikufa kwa uzazi, sikukuambia yote. Ulitoka salama, kondo likatoka lote. Nikamupiga sindano. Tumbo la uzazi, ambalo lilipaswa kuwa gumu kama kiazi kibichi, lilibaki laini chini ya mukono wangu. Nikapiga ya pili. Damu ikazidi.

Mama Bahati, muzalishaji mukubwa wetu, akaniangalia. "Hii dawa iko muzuri?"

"Iko muzuri, Mama. Imetoka mu frigo."

"Basi tuingoje kidogo."

Tuliingoja. Mwanangu, tuliingoja! Mama Bahati alipoona hakuna kitu, alikuweka kwenye ziwa la mama yako, akaanza kusugua na kubana tumbo kwa mikono miwili, jasho linamutoka. Tumbo lilianza kukaza, lakini damu nyingi ilikuwa imekwisha kwenda. Wanaume walimubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa mabegani, kuelekea hospitali. Alikufa njiani.

Nilimuambia Mama Bahati ukweli siku ya mazishi. Hakupiga kelele. Alisema, "Ungesema pale pale, ningetia mukono mara moja. Nilikuwa nangoja dawa yako." Hakunisemesha tena mupaka nilipohama.

Baba yako udongo ulikuwa umemufunika mu mashimo ya madini ya Rubaya kabla hujazaliwa. Nikakuchukua. Watu walisema nina moyo muzuri. Unajua ni upweke gani, kuitwa Mama na mutoto unayemuficha kitu kama hicho? Hata ulipocheka mapajani mwangu nilikuwa peke yangu.

Sasa sikia, sababu Jumatatu unaenda kuzalisha wake za watu. Dawa iliyopata joto, itupe, hata kama walikupigia makofi juu yake. Usingoje sindano ukiwa umefunga mikono: sugua tumbo, weka mutoto kwenye ziwa, sababu akinyonya, mwili wa mama wenyewe unatuma dawa ileile kwenye musuli. Usimuache mama peke yake hata kwa kwenda kunawa. Na ukikosea, sema saa ileile, mbele ya yule anayeweza kusaidia. Aibu ya kusema utaivumilia. Hii yangu ya kunyamaza, miaka yote hii, sijaizoea.

Mungu abariki mikono yako. Kila mama utakayemuzalisha arudi kwake kwa miguu yake, na mutoto mugongoni. Na ukitaka kuondoka sasa hivi bila kuniaga, nenda, mwanangu. Mulango sitaufunga.