Meza Ng'ambo ya Mstari Mwekundu

Fundi wa lebo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye vidole visivyotetemeka hata akicheka. Kazi yake maabarani ilikuwa kuipachika protini lebo yenye chembe ya metali. Ndani ya sumaku kubwa, metali ile husogeza ishara za atomi zilizo jirani, na kwa kusogea huko wasomi hukokotoa umbo la kitu kisichoonekana kwa macho. Lebo isiposhika, hawapati kitu. Za kwake zilishika.

Kisha moyo ukaanza kumchezea, akawekewa betri kifuani.

Sakafuni mwa maabara kuna mstari mwekundu. Mwenye betri ya moyo akiuvuka, sumaku inaweza kuivuruga, na kaburi si mbali. Meza yake ilikuwa upande wa usalama na mirija ya protini ilipelekwa kwenye sumaku na wengine, kwa hiyo angeweza kunyamaza. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Akaenda kwa mkuu wa maabara akasema mwenyewe. Mjinga! Namwita hivyo kwa kumpenda.

"Msema kweli mpenzi wa Mungu," mkuu akamwambia, akatabasamu.

Jumatatu akakuta meza imehamishiwa ng'ambo ya mstari. Aliyeisukuma ni binti wa kaka yake, ambaye yeye ndiye aliyemtafutia kazi hapo na kumfundisha.

"Shangazi, mimi nimetumwa tu."

"Meza yako ile pale," mkuu akadakia. "Hatujakufukuza. Ukitaka kazi, nenda kakae."

Alisimama na mkoba wake mpaka aibu ikamrudisha nyumbani. Baada ya muda akahesabiwa mtoro, binti akapewa nafasi yake, na meza ikarudishwa ilipokuwa. Washenzi.

Hakulia. Aliniambia mimi, jirani yake, "Watanitafuta tu. Lebo haishiki kwa kubembelezwa." Akawa anashinda na simu mapajani.

Siku moja tukiwa barazani ikalia kweli.

"Shangazi, zinabanduka zote! Nifanyeje?"

Uso ukamchanua, akanikonyeza. "Ile dawa ya mwanzo, ya kuandalia protini, ioshe mpaka iishe kabisa ndipo utie lebo. Ikibaki hata kidogo, haishiki ng'o. Halafu usiharakishe, mwanangu. Ilaze kwenye baridi mpaka asubuhi."

"Asante, shangazi."

"Basi kesho nije?"

Kisha ikaja sauti ya mkuu, karibu kabisa na simu.

"Pumzika, mama. Tumeshakurekodi."