Ubeti wa Tatu

Kazi yangu ni kufua, na yake ni kupiga pasi. Kwa miaka miwili tumeonana zaidi ndani ya mvuke wa duka la dobi kuliko tunavyoonana na ndugu zetu. Wanamwita Kola, kwa sababu ukosi wa shati ukipita mikononi mwake hurudi umesimama kama wa dukani. Mimi wananiita Mzee Mvuke, na sijawahi kuuliza nani alianza.

Kola ni msichana wa miaka ishirini na moja, na tangu nimjue anapenda wanamuziki wawili tu duniani: ndugu wawili, mwanamume na dada yake, gitaa moja na sauti mbili, basi. Watu wanawaita Wawili. Mimi muziki wa kukaa kwenye kiti na kukunja mikono siuwezi, na nilikuwa nikimwambia kila siku kwamba wale wanaimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Alikuwa anacheka, halafu anaendelea kuwaimba palepale juu ya pasi, sauti ya chini tu. Ya juu haigusi. Ya juu ilikuwa ya kaka yake Kola mwenyewe, walipokuwa wakiimba pamoja nyumbani.

Huyo kaka ndiye habari yenyewe. Miaka sita iliyopita, jioni, walikuwa nyumbani na mama yao wakiwasikiliza Wawili redioni. Betri zikaisha katikati ya wimbo. Kaka mtu akavaa kandambili, akasema, "Msilale, nakuja na betri." Alikuwa na shati la bluu la kushindia nyumbani, kifungo cha tatu hakipo. Duka ni mwendo wa dakika tano. Hakurudi jioni ile, wala wiki ile, wala mpaka leo ninapoandika. Walizunguka vituo vya polisi, hospitali, na kule kwingine ambako mama alishindwa kuingia, akamwomba mjomba aingie. Hakuna aliyemwona. Hakuwa na ugomvi na mtu, wala hakuchukua begi. Mama alikataa katakata mtu yeyote kumtaja mwanawe kwa neno "alikuwa". Tangu siku hiyo mlango wao hautiwi komeo, unarudishwa tu. Na giza likiingia mama hatoki, maana itakuwaje mtoto akirudi akute hakuna mtu?

Mwaka jana Wawili walitangaza kwamba wanatafuta mikasa ya kweli ya wasikilizaji ili waitungie nyimbo. Kola aliandika wake nyuma ya risiti zetu, wakati wa chakula cha mchana, karatasi saba nzima. Akanipa nimwangalizie makosa. Nikasoma kandambili, nikasoma shati la bluu, nikasoma redio iliyonyamaza. Karatasi ya saba ndiyo iliyonishtua. Aliandika kwamba siku ya nne kaka alirudi, akasukuma mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono imejaa, akasema, "Duka la karibu lilikuwa limefungwa."

"Hapa umetia chumvi," nikamwambia.

"Bila hapo hawataichukua, Mzee. Nani ataimba wimbo usio na mwisho?" Kisha akaongeza bila kuniangalia, "Halafu nilitaka arudi mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi."

Nilisahihisha herufi mbili tatu, nikamrudishia. Kosa hilo ni langu pia na silikwepi.

Miezi ikapita, ndipo barua ikaja. Hadithi yako imekuwa wimbo, walimwandikia, tutauimba kwa mara ya kwanza Jumamosi jioni katika chumba cha kusomea cha maktaba, watu arobaini tu, na umetengewa viti vitatu. Kola alifurahi mpaka akaunguza mkono wa shati la mteja. Tulipanga twende yeye, mimi na rafiki yake mmoja. Jumamosi asubuhi mama yake akasema, "Na mimi nakwenda."

Mama huyu hakujua lolote kuhusu barua. Alichojua ni kwamba ni wale Wawili wa jioni ile. "Ule wimbo ulikatika," alisema. "Nataka kusikia ulivyoishia." Kwa miaka sita hakuwa ametoka nje baada ya magharibi, sasa nani angemkatalia? Rafiki akapisha. Mama akabandika karatasi mlangoni, MWANANGU TUKO MAKTABA, akamwomba jirani awe anachungulia.

"Mwambie," nikamnong'oneza Kola njiani.

"Nitamwambia tukifika."

Tulipofika, ikawa atamwambia tukikaa. Tulipokaa, mama katikati yetu na mkoba mapajani, Kola alifungua mdomo mara mbili na mara mbili akaufunga. Nilijua anachoogopa, kwa sababu na mimi nilikiogopa. Mama angeweza kuvumilia kusikia mwanawe alivyoondoka, maana hilo alikuwa analisikia kila siku kichwani mwake. Kusikia amerudi ndilo ambalo hatukujua angelibeba vipi.

Meza zilikuwa zimesukumwa pembeni na viti kupangwa nusu duara, na lile tangazo la KIMYA TAFADHALI bado lilikuwa ukutani. Wawili walikaa hatua nne kutoka tulipo, kwenye viti vya mbao kama vyetu. Dada ni mfupi, mwenye miwani. Kaka ni mrefu, anainamia gitaa kama fundi saa. Hakukuwa na kipaza sauti hata kimoja. Niseme ukweli, niliaibika kwa kejeli zangu zote. Unasikia vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi, unasikia mtu akivuta pumzi kabla ya neno. Kola alifuatisha kila wimbo kwa midomo, uso umekunjuka, na kwa nusu saa hivi nadhani nilimwona alivyokuwa kabla betri hazijaisha.

Waliuimba na ule wimbo wa jioni ile. Mama aliusikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe unaishia hivyo," alisema.

Ndipo dada mtu akavua miwani, akatuambia kwamba unaofuata ni mpya, na kwamba ni mkasa wa kweli walioandikiwa na msikilizaji. Gitaa likaanza chinichini. Ilipotajwa redio mama alitulia tu. Zilipotajwa kandambili aliinua uso. Kilipofika kifungo cha tatu alinishika mkono.

"Mama," Kola alinong'ona. "Mama, twende nje kidogo."

Mama hakumsikia. Ubeti wa tatu ukaingia, sauti zote mbili kwa pamoja, siku ya nne, kiwiko kwenye mlango, betri mikononi. Sijui muziki, lakini ule ulikuwa mzuri, na uzuri wake ndio ulioniuma. Wimbo ukaisha, na kabla watu hawajapiga makofi mama alikuwa amesimama.

"Samahani," alisema kwa adabu, kama mtu aliye kwenye dirisha la ofisi. "Huyo kijana mlimwona wapi?"

Watu wawili watatu wakacheka, wakidhani ni utani. Dada mtu akatabasamu. "Hatukumwona, mama, tuliandikiwa. Ila amerudi salama kwao, ndiyo raha ya wimbo huu. Mimi nilipoisoma ile barua nililia kwa furaha." Akatupa macho kwenye viti. "Na dada yake aliyetuandikia yumo humu leo. Dada, uko wapi? Simama tukuone!"

Makofi yakapigwa. Watu wakageuka huku na huku, wanamtafuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Kola akasimama, na makofi yakaongezeka.

Mama akamgeukia. Uso ule sitausahau. Miaka sita yote ilimtoka usoni kwa mara moja, akawa msichana. "Amerudi?" alisema. "Lini? Mbona hukuniambia?"

"Mama..."

"Yuko wapi sasa? Yuko nyumbani?"

"Hajarudi, mama," Kola alisema. "Nimetunga. Nisamehe. Nimetunga tu."

Makofi yalikufa moja moja. Kaka mtu akalaza kiganja juu ya nyuzi ingawa hazikuwa zikilia. Mama akaokota mkoba wake, akaniomba nimpishe apite.

Kaka mtu alitufuata mpaka kwenye ngazi, gitaa bado mkononi. "Mama, hatukujua. Ule ubeti wa tatu tunautoa, naapa. Hatutauimba tena."

Mama akamgeukia. "Msiutoe," alisema. "Huko kwenye wimbo mwacheni arudi. Ila msiseme tena kwamba ni kweli."

Tulitembea mitaa mitatu. Kisha mama akauliza, macho mbele, "Ulimwandika amevaa nini siku anarudi?"

"Lile lile la bluu," Kola alijibu.

"Siku nne na shati hilo hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Angekuwa ananuka huyo."

Kola akacheka kwa mshangao, na mama akacheka, wakashikana wakicheka pale kando ya barabara, mpaka kicheko kikageuka wakawa wanalia wote wawili kwa sauti, wapita njia wanawatazama. Mimi nilisimama pembeni nimeshika mkoba wa mama. Mtu mzima nikalia na mimi, nani wa kunificha?

Nikawafikisha mlangoni. Mama akaibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaingia. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka niliposikia chuma kinasuguana na chuma. Alikuwa ametia komeo.

Jumatatu Kola alikuja kazini macho yamevimba. Alipiga pasi mashati kumi kwanza. Akaniambia kwamba usiku ule wa Jumamosi usingizi ulimkataa kwa ajili ya lile komeo. Alilala anawaza: je, akija leo? Miaka sita mlango uko wazi, aje leo akute umefungwa, na sababu ni mimi? Akasubiri mpaka pumzi za mama zikawa za usingizi, akanyata, akalifungua polepole, akarudi kulala. Alfajiri akaamshwa na vishindo. Mama alikuwa anapita chumba hadi chumba, kanga inaburutika. Alifungua mlango wa chumba cha kaka, akaangalia kitandani. Akaangalia nyuma ya mlango. Kisha akaja kusimama mbele ya Kola, uso ni ule ule wa maktaba.

"Komeo liko wazi," alisema. "Umemfungulia nani?"

"Ukamjibuje?" nikamuuliza Kola.

Alikuwa anapitisha pasi juu ya ukosi ule ule kwa mara ya nne, na kitambaa kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Nikalitoa shati mikononi mwake, nikazima pasi, nikamwambia akakae nje kidogo.