Sinema ya polisi wanawake iliyonipeleka kituoni, Mtwara miaka ya hamsini

Wakuu, salaam. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, nachapa polepole, mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa.

Bandari ya Mtwara ikiwa bado mpya, gari la sinema lilikuja mtaani kwetu Chuno. Shuka jeupe likatundikwa, wanaume huku, wanawake kule.

Sinema ilikuwa ya vichekesho. Wanawake wa Kizungu wanafundishwa upolisi. Wanapiga kwata ovyo, wanagongana, kofia zinawafunika macho.

Nilicheka mpaka machozi, ila nikabaki na swali: hivi polisi wa kike wapo kweli?

Nilikuwa nimeachika, nakaa kwa kaka yangu Hamisi. Nikamuuliza.

"Yale maigizo tu, dada. Lala."

Jibu halikunitosha. Asubuhi nikajifunga kanga, huyo kituoni. (Enzi hizo mwanamke akionekana polisi, mtaa mzima unajua ana kesi.)

Sajini akauliza, "Una shitaka gani, binti?"

"Sina, bwana. Naulizia kama mnachukua wanawake."

Askari walicheka kuliko watu wa Chuno. Niliona haya, lakini sikuondoka.

"Sasa wanawake wanaovuka mto pale Kilambo kutoka Msumbiji kwa Mreno, nani anawapekua?"

Kicheko kikakatika.

Sajini akasema, "Hapo ndipo tunapokwama. Juzi mmoja kagoma kuguswa na mwanamume. Tukamwacha apite na furushi lake."

Akaniuliza naishi kwa nani, jioni akaja nyumbani kuniombea kwa kaka nikapekue wanawake mpakani. Kaka akawaka: nani atanioa tena nikishinda na askari? Sajini akamjibu, "Na mkeo akivuka, ungependa apekuliwe na mimi?"

Kaka akasema, "Basi aende."

Sare sikupewa, nilipewa kitambaa cha kaki cha kufunga mkononi tu. Wa kwanza kumpekua alikuwa bibi wa Kimakonde, ameshika furushi kwa nguvu, amenikazia macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nawe askari?"

"Sijui bado, bibi. Ndiyo naanza leo."

Akacheka sana, akaweka furushi chini, akainua mikono mwenyewe. "Haya, anza na mimi."

Nilifanya kazi ile mpaka nilipoolewa. Ndiyo, niliolewa!

Nilichojifunza: jambo likikukereketa, kawaulize wahusika, wacha wacheke.

Wenye bibi zao waliofanya kazi za namna hii, karibuni. Huko kwenu walianzaje?