Kichupa Kilichoonekana Kitupu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya Kibondo, Mteknolojia Mkuu alinipa koti jeupe lililonifunika mpaka vidole. "Hapa hatukisii," alisema. "Usipojua, andika hujui." Nilipima malaria na kifua kikuu miaka mingi, kisha nikahamishiwa Kasulu, kitengo cha kupima vinyama, yaani vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa. Huko tulikata vinyama vilivyogandishwa kwenye nta, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Kazi hiyo niliiweza, nasema bila haya.

Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliingia kwenye utafiti wa saratani ya utumbo. Kuna protini inayokarabati DNA ikiharibika. Ikikosekana kwenye uvimbe, huenda kasoro ni ya kurithi, na ndugu wa mgonjwa inabidi wachunguzwe. Tuliitafuta kwa kingamwili, ambayo huinasa na kuacha rangi ya kahawia. Kinyama cha marehemu Tereza, mkulima wa Busunzu, kilitoka kahawia, tukawaambia nduguze wako salama.

Baadaye niliirudia slaidi yake, kile kioo chenye kinyama, roho ikakataa. Protini hiyo hukaa kwenye kiini cha seli, lakini rangi ilitapakaa kote. Nikamwomba Mkuu wa Kitengo, daktari wa kutoka Moshi, aagize peptidi ya kuzuia: kipande kifupi cha protini ile ile, kilichotengenezwa kiwandani. Ukikichanganya kwanza na kingamwili, inashiba, haina tena nafasi ya kunasa kitu kwenye kinyama. Rangi ikitoweka, ilikuwa ya kweli. Ikibaki, kingamwili inashika ovyo.

Kichupa cha peptidi kilipofika nilikifungua, sikuona kitu. Nikakifunga kwa hasira, nikakitupa kwenye ndoo ya taka za kuchomwa.

"Wametutumia hewa, daktari."

"Umekitupa wapi?" Alikuwa ameshasimama. "Dada, unga wake ni kiduchu, umegandia chini. Hauonekani kwa macho."

Tukainama wote wawili kwenye ndoo, daktari bingwa na mama anayekaribia kustaafu, tukipekua pamba zilizotumika. Tulikipata. Niliona aibu kweli.

Tuliyeyusha ule unga, tukarudia kipimo. Rangi ilibaki vile vile. Tukaagiza kingamwili nyingine na peptidi yake, na hiyo ilifaulu mtihani. Kwenye uvimbe wa Tereza haikuiona protini ile.

Nilikwenda Busunzu mwenyewe. Yohana, kaka yake Tereza, alikuwa akipalilia maharage.

"Si mlisema tuko wazima?"

"Tulikosea, kaka. Njoo upimwe."

Aliegemea jembe. "Mama, umetoka Kasulu kuja kusema mmekosea?"

"Ndiyo."

"Basi nitakuja."

Hospitalini walimkuta na uvimbe mdogo wa utumbo, ukatolewa mapema.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo Heru Juu. Vijana wa maabara hunionyesha picha za mashine zao mpya, nami huwauliza kama wamewahi kuzijaribu ili wajue zinakosea wapi. Wengine hucheka. Jumapili iliyopita Yohana alinitembelea. Alikula ugali na maharage, akamaliza, akaomba aongezewe.