Mdomo wa Mashine ya Koboko

Usiniambie nilikuwa nimechoka, wala usisingizie joto la Koboko. Haya niliyaona mchana, siku ya Ijumaa, akili yangu ikiwa timamu. Na mimi si mtu wa kutishika ovyo. Niliondoka kijijini kwetu Pajulu mikono mitupu, nikasoma Nairobi huku nikibeba saruji, nikarudi na diploma ya uhandisi mitambo. Leo ukiona mashine mpya ya kusaga kati ya miji ya Arua na Koboko, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, huenda mchoro wake umetoka kwenye kompyuta yangu.

Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa Koboko, aliniita nimchoree mashine mpya ya kusaga muhogo kwa kunakili ile yake kuukuu. Wateja wetu ndivyo walivyo: hawaulizi mashine bora, wanataka ile waliyoizoea.

"Usibadilisha kitu," aliniambia. "Mdomo iwe fupi vile vile. Zaitun iko naanza kazi wiki kesho."

Zaitun ni mke wa mwanawe. Mzee akaenda msikitini, Zaitun akaingia jikoni, nikabaki peke yangu stooni na mashine ile. Haikuwa na injini wala mkanda.

Nilikuwa nimeinama nikipima mdomo, pale unapotumbukizwa muhogo ushukie kwenye meno ya kusaga, niliposikia mtu nyuma yangu. Mwanamke, mweupe kwa unga hadi kope.

"Fundi, wewe iko napima nini?"

"Mama, mimi si fundi. Ni mchoraji wa mitambo. Nina diploma."

Akacheka. "Haya, Diploma. Pima na mkono yangu."

Kabla sijajibu aliuingiza mkono wa kulia mdomoni mwa mashine, hadi begani. Niamini, puli, lile gurudumu la kuvaa mkanda, ikaanza kuzunguka. Polepole, kisha kwa kasi, bila mkanda, bila sauti! Nikamshika bega nimvute. Nilishika nini? Unga, baridi kama maji ya kisima. Alipouchomoa ule mkono, uliishia kwenye kiwiko. Hapakuwa na damu. Unga tu, ukimwagika.

"Chora hiyo," alisema, na hakuwapo tena.

Mzee Rajabu alinikuta nimekaa chini. Nilipomweleza, hakuuliza ni mwanamke gani. Alivua kofia.

"Mama Asha. Bibi yangu ya kwanza. Mashine hii ilikula mkono yake. Alikufa njiani, tunamupeleka Arua."

"Na mdomo huohuo ndio unataka nimchoree Zaitun?"

"Mdomo ndefu iko nachelewesha kazi, kijana."

Zaitun alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Baba, mimi iko na mikono mbili tu. Kama mdomo iko fupi, tafuta mutu ingine. Mimi narudi kwetu."

Nikampima Zaitun mkono palepale, nikauchora mdomo mrefu kuupita. Mzee hakukataa. Zaitun anaiendesha mashine hiyo mpaka leo, akiwa na mikono yake yote miwili.

Mimi ndiye sikupona. Kila nikichora mdomo wa mashine, kiganja nilichomshikia kinakufa ganzi, na siwezi kuendelea mpaka nitoke nikahakikishe puli za karakana zimetulia. Mke wangu anasema ni baridi yabisi. Hajui.

Basi wewe unayepeleka muhogo kusagwa, ukiona mdomo wa mashine ni mfupi kuliko mkono wa anayeiendesha, usikae kimya. Na ukimwona mwanamke wa unga amesimama hapo, usihangaike kumwokoa yeye. Zima mashine, umvute aliye hai.